Nyayo za chembe zisomwe skulini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikishie wanaosimamia mitaala ya sayansi hapa Zanzibar ombi moja: wanafunzi wa sekondari wafundishwe kusoma picha za migongano ya chembe, zile ndogo kuliko atomi, kwa kutumia programu ambazo wanafizikia wenyewe wanazitumia, na ambazo hutolewa bure.

Katika maabara ya CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, protoni huzungushwa kwenye njia ya chini ya ardhi yenye urefu wa kilomita 27 kisha zikagonganishwa. Chembe zinazozaliwa hapo hazipigiki picha. Vigunduzi hunasa alama za umeme zinapopita, na programu ndiyo inayoziunganisha alama hizo na kuzichora kwa rangi ambazo watu wamezichagua, jambo ambalo mwalimu hana budi kulisema mapema. Jaribio la CMS, mojawapo ya majaribio ya maabara hiyo, lilianza kuzifungua data zake kwa umma mwaka 2014, na programu yake ya iSpy hufunguka katika kivinjari cha kawaida.

Muhula uliopita niliwaonesha wanafunzi wangu wa kidato cha nne picha hizo kwa projekta ya kuazima. Mmoja wao, mtoto wa mvuvi, alisema mistari ile ni kama nyayo za kaa mchangani maji yakishatoka: kaa mwenyewe humwoni, lakini alikopita unakujua. Tangu hapo sikuhitaji kuwabembeleza wasikilize. Waliona kwamba mstari uliopinda sana ni wa chembe yenye momenta (kiasi cha mwendo) ndogo, kwa sababu sumaku ya kigunduzi huishinda kwa urahisi. Kwamba fotoni, chembe ya mwanga, haiachi mstari bali nishati pale inapokomea. Na kwamba muoni, chembe kama elektroni ila nzito zaidi, hupenya matabaka yote hadi nje. Nyutrino ndiyo iliyotuweka mpaka kengele ikalia, kwani chembe hii isiyo na chaji haionekani popote, ila hutambulikana kwa kuwa upande mmoja wa picha haulingani na wa pili. Kanuni ya kuhifadhika kwa momenta, waliyokuwa wakiikariri kwa mfano wa gololi mbili, siku ile waliihitaji.

Kinachotukwamisha ni lugha na mtandao. Naiomba Wizara iandae mwongozo mfupi wa Kiswahili wa kuzisoma picha hizi, na mafaili ya migongano michache yapakuliwe mapema na kusambazwa kwa flashi katika skuli zenye kompyuta, Unguja na Pemba, kabla ya muhula ujao kuanza.

Mwalimu wa Fizikia,
Wete, Pemba