Barua ya malalamiko: wikendi ya tango bila sakafu

Kwa Meneja Mkuu,
Nakala: Ofisa wa Hafla

Ndugu Meneja,

KUH: UKUMBI WA SAKAFU YA MBAO TULIOULIPIA NA HATUKUPEWA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ninaandika kwa niaba ya wacheza tango 60 (tango ni dansi ya watu wawili wawili) waliofikia kwenu wikendi iliyopita. Tulikodi vyumba na ukumbi kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili mchana. Vyumba tulipewa. Ukumbi tulioulipia hatukupewa, na hilo ndilo dai langu. Mengine nitakayoyagusa ama yamezaliwa na hilo ama yameliongezea uchungu.

Naanza na maandishi, maana hayo hayana ubishi. Kabla ya kutoa hata malipo ya awali niliwaandikia kuuliza sakafu ya ukumbi ni ya nini, ukumbi una ukubwa gani, na muziki unaruhusiwa hadi saa ngapi. Ofisa wenu wa hafla alijibu kwamba sakafu ni ya mbao, ukumbi una mita 10 kwa 14 bila nguzo katikati, na tunaweza kucheza hadi saa nane usiku. Nikamwandikia tena kuhusu sakafu peke yake, nikimweleza kwamba hicho ndicho kigezo chetu cha kuja au kutokuja. Jibu lake lilikuwa fupi: "Ni mbao, msiwe na wasiwasi." Nakala za barua hizo nimeziambatanisha pamoja na risiti.

Nimeambatanisha pia tangazo lenu linalowakaribisha "wapenzi wa tango". Linaiita tango ngoma ya Kihispania, ilhali nchi zilizoiwasilisha kwa pamoja UNESCO, ikaorodheshwa mwaka 2009 kuwa urithi wa utamaduni usioshikika, ni Argentina na Uruguay. Lina picha ya mwanamke aliyeng'ata ua waridi, na hakuna anayecheza tango na ua mdomoni isipokuwa mbele ya kamera. Hayo yote niliyaona na nikayapuuza. Picha iliyo chini yake, ya ukumbi wenye mbao zinazong'aa, ndiyo iliyotuleta kwenu.

Tulikuta zulia. Zulia nene, limegandishwa kwa gundi kutoka ukuta hadi ukuta. Mhudumu mmoja, kwa nia njema kabisa, alituambia kwamba mbao zipo chini yake, ila zilifunikwa wakati wa ukarabati wa mwaka jana. Basi aliyetuandikia "ni mbao" alikuwa anafanya kazi katika jengo ambalo kila anayeingia ukumbini anakanyaga zulia. Tuliuziwa mbuzi kwenye gunia.

Msimamizi wa zamu alishangaa kuona tunalalamika. Alisema watu hucheza humo harusini kila Jumamosi na hakuna aliyewahi kuteta. Namwamini. Ila kwa kuwa mnautangazia umma kwamba mnapokea wacheza tango, naomba mnivumilie nieleze kwa nini jibu lake halitoshi.

Katika tango watu hawarukiruki. Wanatembea. Wawili wamekumbatiana, unyayo unapita karibu kabisa na sakafu, kisha wanageuka. Mgeuko unafanyika juu ya sehemu ya mbele ya unyayo mmoja, uzito wote wa mwili ukiwa hapo, na ndiyo maana viatu vya tango huwa na soli ya ngozi au suedi, ili ishike kiasi na iteleze kiasi. Kwenye mbao mguu huzunguka wote kwa pamoja, kuanzia vidole hadi nyonga. Kwenye zulia soli hung'ang'ania chini huku mwili ukiendelea kuzunguka, na kinachosokotwa katikati ni goti. Goti linajua kukunjwa na kukunjuliwa. Kusokotwa huku limebeba mtu mzima haliwezi. Ukiongeza kisigino cha sentimita 8 au 9, kifundo cha mguu nacho kimo hatarini. Hata saruji na marumaru tunaviepuka tukiweza, japo vinateleza vizuri, kwa sababu havina mnepo hata kidogo na hatua za usiku mzima hurudi mgongoni. Mbao zilizopangwa juu ya fremu hunepa. Mcheza tango anayetafuta mahali pa kupumzikia wikendi haulizi kwanza bwawa la kuogelea wala mandhari ya dirishani. Anauliza sakafu, kwa sababu starehe yake yote inaanzia hapo. Tungeweza kulala kwenye vitanda vya bweni na kuoga kwa zamu, mradi tupate mbao, na tungeondoka tukiwasifu.

Suluhisho lenu la Ijumaa usiku lilikuwa vipande vya plastiki vya kuunganishwa, vikatandikwa juu ya zulia lilelile: mraba wa mita 5 kwa 5. Naomba mfanye hesabu. Hizo ni mita za mraba 25 kwa jozi 30, badala ya 140 tulizolipia. Wacheza tango huzunguka ukumbi kinyume cha mwendo wa saa, jozi moja nyuma ya nyingine. Mzunguko huo huitwa ronda, na ndio unaotuwezesha kucheza bila kugongana wakati wengi wa wanaoongozwa wamefumba macho. Kwenye mraba wa mita 5 ronda haina pa kupita. Wachache wakipanda, tayari ni msongamano, na aliye pembeni anacheza huku akichungulia ukingo usio na mteremko wowote. Tena kwa kuwa zulia lina ulaini, vipande vilikuwa vikisogea kila tulipozunguka, mianya ikifunguka kati yake. Kisigino cha mwenzetu mmoja kilinasa kwenye mwanya akategua kifundo cha mguu, na wikendi yake ikaishia kwenye kiti na barafu. Aliyemletea barafu hiyo mbio namshukuru kwa dhati. Tulipoomba fomu ya kuandikisha ajali, mapokezi walisema hawana, wakatupa karatasi tupu. Tuliandika kwenye hiyo karatasi tupu, na nakala yake ninayo.

Jumamosi mchana baadhi yetu waliishia kucheza kwenye korido ya vigae karibu na mapokezi, muziki ukitoka kwenye simu. Wafanyakazi wenu waliwapiga picha. Sasa naziona picha hizo kwenye matangazo yenu mapya, zikiwa na maneno yanayosema "wageni wetu hawakuweza kusubiri ukumbi ufunguliwe!" Hakuna aliyeombwa ruhusa, na maelezo hayo ni ya uongo. Naomba ziondolewe leo hii, bila kusubiri mengine yamalizwe.

Taa. Tulieleza mapema kwamba tunahitaji mwanga wa kawaida, hafifu lakini unaoonyesha sura. Kwenye milonga, yaani usiku wa kucheza tango, mtu hamfuati mwenzake mezani na kumvuta mkono. Wanatazamana kutoka mbali. Mmoja anatikisa kichwa kidogo, mwingine akikubali anaitikia kwa kichwa, asiyetaka anaangalia pembeni, na hakuna anayeaibika mbele ya watu. Utaratibu huo, kabeseo, unategemea watu kuonana usoni. Mlitufungia taa za rangi zinazozunguka na kuwakawaka, na swichi ya taa za kawaida ilikuwa kwenye ofisi iliyofungwa, mwenye ufunguo keshaondoka. Viti navyo vilipangwa kuzunguka meza za duara upande mmoja wa ukumbi, nusu ya watu wakiipa mgongo sehemu ya kuchezea. Viti tulivihamisha wenyewe kuzunguka ukumbi na halikuwa jambo kubwa. Taa hatukuziweza. Watu walikuwa wakikubali mwaliko usiokuwa wao, wawili wanasimama kwa mmoja, na kicheko cha mara ya kwanza kiligeuka kero kabla usiku haujafika katikati.

Kuhusu sauti, sina hakika kama fundi wenu aliwahi kuambiwa tunacheza nini. Muziki mwingi tunaouchezea ulirekodiwa Buenos Aires kati ya katikati ya miaka ya 1930 na katikati ya miaka ya 1950: okestra za Juan D'Arienzo, Carlos Di Sarli, Aníbal Troilo, Osvaldo Pugliese. Ni rekodi za zamani zilizotoka kwenye santuri, na uzuri wake umo kwenye fidla, piano na bandoneoni (ala ya mkononi jamii ya kodiani), ambazo sauti zake hukaa katikati, si chini kabisa. Spika zenu zilikuwa zimepandishwa besi kwa ajili ya disko. Kilichotufikia ni mngurumo, na piano ya Di Sarli ikazama humo isisikike kabisa. DJ wetu aliomba besi ipunguzwe, akaambiwa mitambo imefungwa kwa nywila na fundi hayupo hadi Jumatatu. Kwetu sisi Jumatatu ilikuwa siku ya kuwa tumeshaondoka.

Halafu muda. Mliandika saa nane usiku. Jumamosi, saa tano na dakika chache, mlinzi aliingia na kuzima umeme wa spika akisema hayo ndiyo maagizo, wageni wa ghorofa ya juu wamelalamika. Wageni hao wana haki ya kulala, na sikumgombeza mlinzi aliyetumwa. Lakini aliyepanga familia zenye watoto juu kabisa ya ukumbi uliokodishwa hadi saa nane ni ofisi yenu. Umeme ulikatwa katikati ya tanda. Tanda ni nyimbo tatu au nne za okestra moja, na anayeanza na mtu humaliza naye zote. Kumwacha njiani huhesabiwa kuwa ni kumkosea heshima. Safari hii hoteli ndiyo iliyotuacha njiani sote kwa mpigo.

Kifungua kinywa mlichoahidi kingeendelea hadi saa tano asubuhi kiliondolewa saa tatu. Njia kutoka vyumbani hadi ukumbini ni ya kokoto na haina taa. Hayo nayataja yawe kwenye kumbukumbu tu.

Haki itendeke: vitanda vilikuwa vizuri, maji ya moto hayakukatika, na wahudumu wa usafi walifanya kazi yao kwa heshima kubwa. Malalamiko haya yasije yakawaangukia wao. Yanawahusu waliouza.

Tangu Jumapili nimekuwa nikipigwa danadana. Mapokezi wananielekeza kwa ofisa wa hafla, ofisa wa hafla anasema suala la sakafu ni la idara ya matengenezo, na matengenezo wanasema wao hawauzi ukumbi. Mwishowe nililetewa ujumbe wa kutupatia punguzo "mtakaporudi tena". Ndugu Meneja, punguzo la kurudia zulia lilelile si fidia. Ni mauzo mengine.

Tunachodai ni hiki. Mturudishie malipo yote ya ukumbi, kwa kuwa ukumbi ulioandikwa kwenye mkataba haukuwapo. Mturudishie pia nusu ya malipo ya vyumba. Najua mtasema vyumba tulivitumia, na ni kweli. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyekuja kulala, na barua yangu ya pili kwenu ilisema hivyo waziwazi kabla hamjapokea chochote. Mwenzetu aliyeumia alipwe gharama za matibabu kwa mujibu wa risiti atakazowasilisha mwenyewe. Na tangazo lenu liondolewe picha ya mbao na maneno "wapenzi wa tango", mpaka zulia litakapong'olewa. Kuna vikundi vingine vinavyotafuta mahali kama hapa, watu wanaokusanya akiba na kuomba likizo kwa ajili ya siku mbili za kucheza, na wataliamini tangazo hilo kama tulivyoliamini sisi.

Mkiamua kulitoa zulia, jambo ambalo ningelifurahia kwa moyo wote, mbao zilizo chini zitakuwa na gundi. Zitahitaji kupigwa msasa, na zisipakwe vanishi ya kung'aa sana inayonata mguuni wala nta inayoteleza. Fundi yeyote wa sakafu za kumbi za kuchezea analijua hilo. Mkitaka mtu wa kuja kuzijaribu kabla hamjatangaza upya, niandikieni. Nitakuja na viatu vyangu na sitawatoza kitu.

Naomba majibu ya maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, yenye jina na saini ya mwenye mamlaka ya kuidhinisha malipo. Yasipofika, nitawasilisha barua hii na viambatanisho vyake kwa mamlaka inayoshughulikia haki za watumiaji, na wenzangu wamekwisha kukubaliana nami kwa maandishi.

Wenu katika kusubiri majibu,

Mratibu,
kwa niaba ya wacheza tango 60 waliosaini orodha iliyoambatanishwa

Viambatanisho: mkataba wa ukumbi, barua za ofisa wa hafla, risiti, tangazo, picha za zulia na za vipande vya plastiki, taarifa ya ajali iliyoandikwa kwenye karatasi tupu ya mapokezi