Risala ya Mafundi wa Mifumo ya Joto kwa Mgeni Rasmi: Joto Lililowekwa Akiba Ardhini Okotoks

Ndugu Mgeni Rasmi,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuja kutufungia mafunzo haya, sisi mafundi wa mifumo ya joto, wazungumzaji wa Kiswahili tuishio Alberta, Kanada. Kwa ruhusa yako, risala yetu ni ya mradi mmoja tu wa jimbo hili: Drake Landing, mjini Okotoks, ulioanza kazi mwaka 2007, mtaa ambao joto la jua la kiangazi liliwekwa akiba ardhini ili kupasha nyumba joto majira ya baridi.

Nyumba zilikuwa 52. Kwenye mapaa ya gereji zilifungwa paneli za jua zipatazo 800 za kupasha moto glaikoli, kimiminika kisichoganda upesi kwa baridi. Joto lake lilipitishwa kwenye matangi mawili ya maji, kisha likashushwa katika matundu 144 yenye kina cha mita 35, kila moja na bomba lake la umbo la U. Nafasi kati ya bomba na udongo hujazwa rojo maalumu. Rojo likiacha mianya ya hewa, joto hupita kwa shida.

Matangi ya nini, na ardhi ipo? Jua la mchana huja kwa pupa, ardhi hupokea polepole. Tangi hulipokea joto, pampu hulipeleka chini taratibu hata usiku.

Matundu yaliunganishwa sita sita, mikondo 24. Wakati wa kuhifadhi, maji ya moto huingilia katikati na kutokea pembezoni; wakati wa kutoa, mwelekeo hugeuzwa. Ukikosea vali hapo, joto hukusanyika pembezoni na kupotelea nje. Juu pana tabaka la kuhami, ubavuni na chini hakuna. Ndiyo maana hifadhi ndogo hupoteza sehemu kubwa zaidi ya joto lake: ujazo ukiongezeka mara nane kwa umbo lilelile, eneo la nje huongezeka mara nne tu. Maji yanayotiririka ardhini nayo huondoka na joto, hivyo yapimwe kabla ya kuchimba.

Mwanzoni udongo wenyewe hula joto hadi upate moto. Mwaka wa kwanza jua lilitoa zaidi kidogo ya nusu ya joto la nyumba. Mwaka wa tano likapita asilimia 90. Msimu wa 2015/2016 lilitosha peke yake.

Mwaka 2024 ukatangazwa uamuzi wa kuufunga mradi, nyumba zikahamia gesi. Vifaa vilichakaa na vipuri vikawa adimu. Kwa maoni yetu, nyumba 52 ni chache mno kubeba gharama za mtambo wa vifaa visivyopatikana dukani.

Kwa hiyo ombi letu ni moja: kozi ijayo iongezewe siku za matengenezo. Tufundishwe kupima shinikizo la mabomba, kutoa hewa kwenye mikondo, na kubadilisha glaikoli, maana ikichemka kwenye paneli wakati pampu imesimama, hugeuka asidi na kula chuma.

Tunaomba kuwasilisha.