Mama yangu hajitengi na watu, yuko eda

Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee hawa washauri wetu wa saikolojia mahospitalini, maana jambo hili limenikaa kooni.

Baba alifariki, Mama usingizi ukamkataa, chakula hakipiti, nikampeleka kwa mshauri kwenye hospitali moja hapa Dar. Kijana mpole tu, alimvutia Mama kiti, ila shikamoo hakutoa na akamwita kwa jina lake kavu kavu, wakati mtaani kwetu hata mjumbe anamwita Bi Mkubwa. Akashika karatasi akaanza kusoma, katika wiki 2 zilizopita ni mara ngapi umekosa furaha, ni mara ngapi hivi, ni mara ngapi vile, na Mama kila swali anajibu "alhamdulillahi mwanangu". Sasa mtu mzima aliyelelewa kwamba kulalamika ni kukufuru ulitaka ajibu nini? Alikuwa anasokota pindo la khanga mpaka limekuwa kama kamba, na yule kijana hakuinua macho kuliona.

Alafu akaulizwa mbona hatoki nyumbani. Akasema niko eda. Nikachungulia, kaandika "anajitenga na watu". Jamani! Mjane anatulia ndani miezi 4 na siku 10, na nyumba yenyewe haijakosa watu ata siku moja, mawifi zake wanalala hapohapo, majirani wanaleta uji, yani kile kinachomshikilia asianguke ndo kimeandikwa ugonjwa, na ugonjwa wenyewe haukuandikwa kabisa, maana tulivokuwa kwenye bajaji tunarudi ndo ananiambia usiku moyo unampwita na kichwa kinawaka moto mpaka anajimwagia maji.

Zimbabwe hili walilitafutia dawa. Dokta Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 pale Mbare, Harare, na bibi 14 wa mtaani, akawafundisha kukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, na neno wanalotumia ni la Kishona, kufungisisa, yani kuwaza kupita kiasi. Si ndo yaleyale sisi tunasema "ana mawazo"? Utafiti wao uliotoka 2016 ulionesha watu walipata nafuu kweli.

Sisemi karatasi zitupwe. Na lile swali la kama mtu anatamani kufa lazima liulizwe, hapo sibishi, linaokoa watu, ila huwezi kulirusha dakika ya tano kwa mama mcha Mungu, na mwanae wa kiume kakaa pembeni. Mama alisema astaghfirullah, akafunga mdomo mpaka tunaondoka. Naomba Wizara na vyuo wawafundishe hawa vijana kusalimia kwanza, kujua eda, kujua matanga, kujua mtu akisema mwili unachoma anamaanisha nini, na wakati gani wamwombe ndugu atoke nje.

Juzi tumerudi tukamkuta nesi mmoja mtu mzima. Shikamoo mama, pole na msiba, mimi akaniambia baba hebu katusubiri nje. Nilisimama kwenye korido nikamsikia anauliza, "mawazo yamekuzidi eeh?" na Mama akalia, mara ya kwanza tangu tuzike. Sa hivi ananiuliza yeye mwenyewe kliniki yake ni lini.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam