Kiharusi 'kidogo' kisirudishwe nyumbani

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu kiharusi chenye dalili ndogo. Shemeji yangu, mchuuzi wa dagaa Mwaloni Kirumba, alikuwa akinywa chai asubuhi, kikombe kikamponyoka, mdomo ukapinda kidogo. Zahanati ikampa dawa za presha, akarudi nyumbani kwa miguu yake. Jioni hakuweza kusema.

Mshipa mkubwa wa ubongo ukiziba, mishipa ya pembeni huweza kupitisha damu kwa muda, mgonjwa akaonekana mzima. Ikizidiwa, hali hugeuka ghafla. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4.5 tangu dalili zianze, na anayetoka Ukerewe bado ana kivuko cha kusubiri.

Naomba zahanati ziagizwe kuandika saa dalili zilipoanza na kutoa rufaa papo hapo, hata kama mgonjwa anatembea, akapigwe picha ya ubongo na ya mishipa yake.

Msomaji wako,
Kirumba, Mwanza