Moduli za walimu zifike na kusikoshika mtandao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mafunzo ya walimu kazini, hasa haya ya mtandaoni. Nafundisha Hisabati Darasa la Tatu katika shule ya kijijini wilayani Ludewa, mwaka wa 14 sasa.

Mafunzo haya yamenifaa. Zamani semina alikwenda mmoja wetu, akarudi na makabrasha, yakaishia kabatini. Tangu ije MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), na moduli, yaani masomo yake, kuwekwa kwenye mfumo wa Taasisi ya Elimu Tanzania, hata sisi wa pembezoni tumo. Mtaala mpya ulipoanza Januari 2024 na Darasa la Tatu likiwamo, nilishukuru sana kuwa na kishikwambi, vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022.

Lakini shuleni kwetu mtandao haushiki. Unashika juu ya mwamba, mwendo wa dakika 20, tena usimame upande unaotazama Ziwa Nyasa. Mwezi uliopita nilipanda na bando la shilingi 2,000, hela yangu mwenyewe, nitazame video ya kufundisha nusu na robo. Mwalimu wa kwenye video akashika kisu akate muhogo, picha ikaganda. Nilikaa pale hadi giza likaingia. Bando likaisha kisu kikiwa bado hewani.

Mwenzangu alikuwa ameipakua video hiyo hiyo alipokwenda mjini. Kwenye jumuiya yetu ya ujifunzaji, ambamo walimu wa shule hukutana kujifunza pamoja, tukakizunguka kishikwambi chake walimu sita, tukaisimamisha, tukairudia, tukabishana kweli kweli. Kesho yake niliingia darasani na muhogo wa kuchemsha. Binti mmoja ambaye sikumbuki lini alinyoosha kidole, siku hiyo alinyoosha: robo mbili ni nusu, Mwalimu, kwa sababu ukizibandika zinalingana na kile kipande kingine.

Ombi langu kwa wahusika: moduli na video zote ziwekwe kwenye kompyuta ya kila Kituo cha Walimu, au kwa Afisa Elimu Kata, tuzinakili tukienda vikaoni. Jumuiya ya ujifunzaji nayo ipewe kipindi kwenye ratiba, isisubiri jioni tukiwa tumechoka. Na mwalimu asiyeonekana kwenye mfumo asiitwe mvivu kabla hajaulizwa kwao mtandao unashika wapi.

Kadi ya memori ninayo, ya GB 32. Nikiambiwa niipeleke wapi, nitaipeleka Jumamosi hii.

Mwalimu wa Hisabati,
Ludewa, Njombe