Kabla hujatia sahihi

Swahiba wangu,

Salamu kwako na kwa watoto. Ujumbe wako wa jana nimeusoma mara mbili, chai ikapoa. Yaani dalali anataka uondoe kwenye ofa yako ya kununua nyumba masharti yote, yale yanayokuruhusu kujitoa, ili muuzaji akupende, nawe umeshaanza kulainika? Ngoja kwanza.

Arubuni, ile hela unayotanguliza ofa ikikubaliwa, ni kishika uchumba. Huku Marekani mara nyingi ni asilimia 1 hadi 3 ya bei, inakaa kwenye akaunti ya amana ya mtu wa kati, na siku ya kukamilisha ununuzi inahesabiwa kwenye malipo yako. Uchumba ukivunjika watauliza umejitoa kwa sharti gani. Sharti likiwepo, hela zinarudi. Ukijitoa kwa sababu roho imegeuka, zimekwenda.

Mimi zangu zilikwenda, nami sikukuambia kwa aibu. Ile nyumba ya kwanza tulikuwa na sharti la ukaguzi, siku 10. Siku ya sita mkaguzi alipiga magoti chini ya sinki, akabonyeza ubao kwa bisibisi, bisibisi ikazama kama kwenye mkate uliolowa. Nikampigia dalali palepale: nyumba hii siitaki. Akasema sawa, nimekusikia. Nikalala usingizi mzuri. Kumbe mkataba ulidai taarifa ya maandishi, na yangu ilifika siku ya 11. Dola 3,000 zikabaki kwa muuzaji. Dalali nilimnunia miezi, lakini karatasi niliitia sahihi mimi, tena bila kuisoma.

Kwa hiyo sikuulizi una masharti mangapi, nakuuliza yanakwisha lini na taarifa inatolewaje. Na ushauri wa shemeji yako aliyeko Texas uweke kando: kule mnunuzi hulipa ada ndogo pembeni, akapata siku chache za kujitoa bila kueleza sababu. Mkataba wako si lazima uwe hivyo.

Sharti la mkopo usilitoe hata wakulilie. Ile barua ya awali ya benki, inayosema huenda ukakopeshwa, si mkopo. Wanaweza kukukatalia wiki moja kabla ya kukamilisha. La uthamini nalo libaki: mthamini akiipa nyumba thamani ya chini kuliko bei, benki inafuata thamani, na pengo unaliziba wewe.

Ukitaka kumvutia muuzaji, fupisha siku. Mpange mkaguzi mapema, kisha omba siku 5 badala ya 10. Au ongeza arubuni, mradi masharti yabaki. Lile la kuuza kwanza nyumba yako ndilo wauzaji hulichukia, na siwalaumu. Wengine hulikubali huku wakiendelea kuonyesha nyumba; ofa nyingine ikija, unapewa muda mfupi, mara nyingi saa 72, uliondoe au uwapishe.

Halafu siku ya kutuma hela, ukiletewa barua pepe kwamba namba ya akaunti imebadilika, usitume. Wezi wamejaa hapo. Piga simu kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, si iliyoandikwa kwenye hiyo barua.

Nipigie picha ukurasa wenye tarehe unitumie leo. Niko macho mpaka saa sita usiku.

Wako yuleyule,
mwenye bisibisi