Wembe wa kukunja: hela inaenda wapi ukitaka kuanza

Swali linaloingia inbox yetu kila mara ni hili hili, "boss huo wembe wa kukunja bei gani?", na tukijibu bei ya wembe peke yake tunakuwa hatujakusaidia, maana wembe ni nusu tu ya habari, nusu nyingine ni makali, yaani nani ataunoa, kwa kitu gani, na baada ya muda gani. Watu wanajipanga kwa hiyo ya kwanza, hii ya pili hawaihesabu kabisa, halafu wembe unaishia kabatini kwenye boksi lake zuri.

Kwanza tuelewane tunaongelea kitu gani, sababu mezani viko viwili na vinafanana. Kuna wembe wenyewe wa zamani, bapa moja la chuma linalokunjika ndani ya mpini wake, haubadilishwi kitu, unanolewa tu miaka na miaka. Halafu kuna hiki alichonacho kinyozi wako, umbo ni lile lile ila unachomeka nusu wembe wa kawaida, ukichoka unatupa unaweka mwingine, hiki ndo shaveti. Bei zake ni mbingu na ardhi.

Shaveti Kariakoo utaipata kwa kama Sh 5,000 mpaka 10,000, nyembe ni hizi hizi za dukani kwa Mangi, Topaz au Nacet au chochote kinachokukubali. Wembe unaukunja kati kwa urefu ukiwa bado ndani ya karatasi yake, unasikia "ta", unapata vipande viwili, usiutoe kwenye karatasi kwanza ndo uanze kuuvunja, vidole vyako unavihitaji. Ongeza sabuni ya kunyolea, brashi ya povu ya sintetiki na kipande cha shabu cha kupaka ukimaliza, jumla hata Sh 50,000 haifiki na umeshaanza.

Sasa kuna jambo wauzaji wengi wanalipitia juu juu. Shaveti ni kali kwa mkono mgeni kuliko wembe mzima, ule wa kunolewa. Ni nyepesi, kile kiwembe ni chembamba sana na kona zake zimechongoka, kwa hiyo kosa dogo tu la pembe unaona damu, wakati wembe mzima una uzito wake unaofanya kazi, wewe unauongoza tu. Mtu anajikata wiki ya kwanza na shaveti anaapa mambo haya siyo yake, kumbe angeshika mkono mwepesi na kulaza wembe kama nyuzi 30 hivi kutoka kwenye ngozi mambo yangekuwa mengine. Anza na mashavu tu, huku unavuta ngozi kwa mkono mwingine, kidevu na chini ya pua malizia na kile ulichozoea mpaka mkono ukubali. Ukisharidhika na shaveti ndo uje tuongee habari ya wembe wenyewe.

Na hapo ndo pesa inaanza kutoka. Nyembe nzuri mpya zinatoka sehemu chache duniani, mji unaosikika kuliko yote ni Solingen kule Ujerumani, na hilo jina siyo la kubandika ovyo, linalindwa na sheria ya kwao tangu 1938, kitu hakitengenezwi huko hakiruhusiwi kuandikwa Solingen. Dovo wapo huko tangu 1906. Ufaransa kuna Thiers, na Uingereza kulikuwa na Sheffield ambayo siku hizi utaikuta zaidi kwenye nyembe za mtumba. Mpya ya kuanzia, ile ya upana wa inchi 5/8 yenye ncha ya mviringo (usianze na ncha ya pembe mraba, itakuchoma sikio), hesabu dola 120 kwenda juu, kwa hela yetu ni Sh 300,000 na zaidi, bado hujalipa usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18. Kama una ndugu anakuja likizo kutoka Ulaya mwambie akubebee, lakini auweke kwenye begi kubwa linaloingia chini, akipita nao kwenye begi la mkononi utabaki pale pale kwenye ukaguzi.

Kuna hizi za onlaini za dola 10, picha zinavutia, mpini unang'aa. Achana nazo. Nyingi zina umbo la wembe tu, chuma kimepinda au ni laini hakishiki makali, tunaletewa hapa tunashinda nazo kwenye jiwe na bado zinang'oa ndevu badala ya kukata. Ukiwa na bajeti ndogo bora mtumba wa Solingen au Sheffield, unapatikana kwa dola 30 mpaka 60, cha kuangalia ni ufa, pengo kwenye makali, na kutu iliyotoboa karibu na makali. Kutu ya mgongoni haina shida, inafutika.

Haya, umeupata. Mpya au mtumba, usidhani unaweza kuupeleka usoni siku hiyo hiyo. Hata nyingi za kiwandani zinakuja na makali ambayo hayajafikia kiwango cha uso, ndo maana nje kuna wauzaji wanaonoa upya kabla ya kutuma. Kunoa mwenyewe kunataka mawe, na mawe yanaenda kwa namba kama msasa, 1000 la kutengeneza makali yaliyokufa, halafu 4000 na 8000 la kuyalainisha, wengine wanamalizia 12000. Jiwe zuri la Kijapani au Kimarekani la pande mbili peke yake ni dola 80 mpaka 100 hivi. Kwa mtu mwenye wembe mmoja sisi tunamwambia asinunue mawe, ndiyo, tunayauza na bado tunamwambia hivyo. Leta unolewe, kwetu ni Sh 20,000, na ukitunza vizuri unarudi baada ya miezi 3 mpaka 6. Na tafadhali sana, yule jamaa wa baiskeli anayepita mtaani ananoa visu, usimpe. Lile gurudumu linapasha chuma moto na kula bapa, tukiletewa baada ya hapo hatuna la kufanya.

Kitu usichoweza kukikwepa ni mkanda wa ngozi. Kila kabla ya kunyoa unapitisha wembe pale kama mara 50, kwenda na kurudi ni moja. Namna yake ni hivi: unalaza wembe bapa kabisa, mgongo na makali vyote vinagusa ngozi, unauvuta mgongo ukitangulia na makali yakifuata nyuma, ukifika mwisho unaugeuzia kwenye mgongo, siyo kwenye makali, ndo unarudi. Ukigeuzia kwenye makali umekata mkanda, na karibu kila anayeanza lazima aukate. Kwa hiyo wa nje wa Sh 100,000 usianze nao, mpe fundi viatu anayejua kazi akukatie ngozi laini isiyo na mshono, upana sentimita 7 na urefu kama 50, upande wake wa ndani ukwaruzwe kidogo ikae sawa, uharibu huo kwanza.

Jumlisha basi. Wembe mtumba wa Sh 120,000, kunolewa 20,000, mkanda wa fundi 15,000, sabuni na brashi na shabu 40,000, ni Sh 195,000. Ukienda mpya wa Solingen na mkanda wa nje utapita 500,000 bila kugusa mawe. Mtu anayelipa kinyozi Sh 5,000 kila wiki anatumia 260,000 kwa mwaka, kwa hiyo seti ya mtumba inajilipa kabla mwaka haujaisha, ile mpya inataka miaka miwili hivi. Ila kama shida yako ni kuokoa hela tu, shaveti imeshamaliza huo mjadala, wembe mzima watu wanaununua kwa sababu wanaupenda, tusidanganyane.

Wengine wanakuja kwa ajili ya vipele vya ndevu. Hapo kuna ukweli, nywele zetu zimejikunja na hizi reza za nyembe tatu tano zinavuta unywele na kuukata chini ya ngozi, ukiota unajichoma ndani. Bapa moja linakata juu juu, na ukifuata upande nywele zinakolala wengi wanapata nafuu kubwa. Siyo dawa lakini, kama vimeshakuwa vidonda muone daktari wa ngozi kwanza.

Kwa vinyozi wenzetu: wembe mzima usiuweke saluni kwa ajili ya wateja. Hauwezi kubadilishwa kati ya mtu na mtu, na HIV na homa ya ini B zinapita kwenye damu, spiriti ya kufuta haraka haraka siyo jibu. Shaveti na kiwembe kipya, mteja akuone unakivunja. Hata nyumbani wembe ni wa mtu mmoja, kaka na mdogo wake wasichangie.

La mwisho ni hewa ya huku Dar. Nyembe nyingi nzuri ni chuma kinachoshika kutu na bafuni kuna unyevu mwaka mzima, kutu inaanzia pale kwenye pini ambapo maji yanajificha ndani ya mpini na wewe huoni. Ukimaliza futa, pitisha karatasi laini katikati ya mpini, uache wazi ukauke, halafu tone la mafuta ya cherehani na uweke chumbani siyo bafuni. Ukituletea kunoa uje umekunjwa na kufungwa raba bendi, na ukiwa ni wa babu uliokaa sandukuni usiusugue na msasa kabla hatujauona, kuangalia hatutozi.